Hatua zako azione nani?

Kikundi chetu cha kutembea kina watu tisa. Tunakutana baada ya sala ya alfajiri pale Mama Ngina, Mombasa, upande wa Lighthouse, tunafuata ukingo wa bahari hadi karibu na kivuko cha Likoni, kisha tunarudi. Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja alileta pendekezo: wenye saa janja tuziunganishe, hatua na mazoezi ya kila mtu yajitokeze yenyewe kwenye simu za wote, tuache kungojana kutumiana picha za skrini WhatsApp. Wanne walikubali papo hapo, wawili wakakataa. Sisi wengine tulinyamaza. Nimelifikiria tangu siku ile, na sasa nina la kusema.

Hoja ya waliokubali ni nzito. Katika ukoo wangu hakuna nyumba isiyokuwa na dawa za presha au za sukari mezani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na hilo karibu kila mtu ashalisikia. Kulijua hakumwamshi mtu saa kumi na moja alfajiri. Kinachomwamsha ni kujua kuna anayemngoja. Mwenzetu aliyehamia Mtwapa hawezi kuja huku kila siku, lakini akiona sisi tumeshatembea kilomita tano naye anavaa viatu. Kwake yeye namba zile ndizo kikundi chenyewe.

Tena kuna mama yangu mdogo, anayekaa peke yake Kisauni. Bintiye yuko Doha, na ndiye aliyemnunulia saa na kuiunganisha na simu yake. Kawaida ikifika adhuhuri mama huyu ashapiga hatua elfu nne, maana soko la Kongowea haliachi. Siku moja binti akatazama akakuta hazifiki hata mia. Akampigia jirani, jirani akagonga mlango, akamkuta kitandani ana homa kali, hata kusimama hawezi. Hapo picha ya skrini isingesaidia lolote. Mgonjwa atatuma vipi?

Kwa hiyo siwezi kusema kushirikiana kwenyewe ni kubaya. Mzozo wangu uko kwenye neno "yenyewe", yaani namba kujitokeza bila mwenyewe kuzituma.

Saa zetu kwanza hazifanani. Wawili wana Apple Watch, mmoja ana Garmin, waliobaki wana zile za bei nafuu za Digo Road. Apple waliweka njia ya marafiki kuonana mazoezi mwaka 2016, lakini ni kwa wenye iPhone tu. Ili sote tisa tuonane, lazima tuhamie programu moja ya pamoja, na iliyotajwa ni Strava, programu ya kurekodi mazoezi na kuwaonyesha wengine. Strava haihesabu hatua pekee. Huchora ramani ya njia uliyopita, mwanzo wake, mwisho wake na saa uliyotoka.

Novemba 2017 kampuni hiyo ilitoa ramani ya dunia nzima yenye kung'aa pale watu wanapofanyia mazoezi. Haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba katikati ya giza la Syria na Afghanistan kulikuwa na mistari ya mwanga: wanajeshi wakikimbia kuzunguka kambi zao. Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa likaeleza jinsi mazoezi ya walinzi wa marais yalivyofichua mahali viongozi hao walipokuwa. Kama mlinzi wa rais alisahau kufunga mlango huo, mimi na wewe tutakumbuka?

Sisi hatuna siri za kijeshi, lakini tuna nyumba. Mwanamke wa kikundi chetu aliyekataa alisema jambo ambalo halikupata jibu: ramani yake ingeanzia mlangoni kwake, siku tano kwa wiki, na ingemwambia yeyote anayeitazama kwamba saa kumi na moja na nusu hadi saa moja kasoro robo nyumba ina watoto peke yao. Ni kweli programu ina mpangilio wa kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Basi auweke kila mmoja wetu, na auhakikishe kila anapobadilisha simu.

Kuna na mwezi wa Ramadhani. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, na hana wajibu wa kumweleza mtu. Akitembea kwa kasi saa saba mchana, jua la utosi, saa ikatangaza, maswali yataanza hata kama hakuna atakayeyatamka. Sisi watu wa pwani tuna neno sitara, na maana yake si kwamba una ubaya unaouficha. Nyumba za Mji wa Kale zina daka mlangoni: mgeni anakaa, anapewa kahawa, mazungumzo yananoga, na wa ndani wanabaki ndani.

Mashindano nayo yana kasoro wengi hawaijui. Kwenye Apple Watch, shindano la siku saba hutoa hadi pointi 600 kwa siku, na pointi hizo ni asilimia ya lengo alilojiwekea kila mtu. Aliyejiwekea lengo dogo anaweza kumshinda aliyetoka jasho mara mbili. Kwa mzee anayeanza ni jambo la kutia moyo. Kwa vijana wenye mabishano ni mwaliko wa kushusha lengo.

Wapo watakaosema sheria itatulinda. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inaibana kampuni inayozikusanya. Ila haimgusi mtu anayezitumia kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani. Rafiki akizipeleka kwenye kikundi cha familia yake, shauri hilo utalimaliza naye barazani.

Hoja moja ya wenzangu ilinisumbua kweli: picha ya skrini hutumwa siku njema tu, na anayehitaji kusukumwa ni yule aliyelala. Nakubali. Lakini aliyelala siku tatu anajulikana bila saa, kwa kuwa hakuja. Kumpigia simu kuna uzito kuliko namba iliyobaki sifuri mbele ya macho ya watu wanane. Na anayetuma kwa mkono wake ameridhia leo, kesho ataamua tena.

Jumamosi nitawaambia hivi: tubaki na picha za skrini, hatua na dakika tu, bila ramani wala mapigo ya moyo. Anayekaa peke yake au anayeugua aunganishe saa yake na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, kama ilivyo kwa mama mdogo na bintiye. Na wa Mtwapa nitamwomba zamu ya kumpigia iwe yangu.