Mwacheni bonge akimbie

Hapa Moshi mtu mnene akitoka asubuhi na raba zake kukimbia, kijiwe cha bodaboda kinamzomea: "Bonge, utapasua lami!" Wenye magari nao wanapunguza mwendo wamwangalie vizuri. Mtu huyohuyo akikaa baa Jumapili na nyama choma na bia zake, anaitwa bosi, na kitambi kinasifiwa kwamba pesa imemkubali. Sasa tunataka afanye nini? Akipungua kidogo tu, mashangazi wanamvuta pembeni kumuuliza kama anaumwa au ndoa imemshinda. Inaniudhi sana, maana unene uliokithiri ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na kisukari na presha vinafuata nyuma yake.

Na kukimbia kwenyewe tunakudharau. Watu wanajua kikosi cha Simba na Yanga mpaka wachezaji wa akiba. Lakini Septemba 2025 Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha! Kijiweni kwetu haikuzungumzwa hata siku mbili. Riadha tunaikumbuka wiki ya Kilimanjaro Marathon, basi.

Ukimwona bonge anapanda kuelekea Shanty Town, anahema, jasho linamtoka, mpishe njia. Na hiyo honi yako, iache.