Msinihesabu Mimi Badala Yake

Juzi shangazi yangu wa Tukuyu alinitumia picha kwa WhatsApp. "Mwanangu, nimekuona, umependeza kweli na hilo koti jeupe." Nilipoifungua nilishtuka. Ni mimi wa miaka kadhaa iliyopita, nimeshika pipeti, kwenye kipeperushi kipya cha chuo nilichosomea uzamivu wa kemia huku Marekani. Maneno ya chini yanasema chuo kimefanikiwa kuwaingiza wengi wa jamii za wachache katika sayansi. Sikutaka kumharibia shangazi furaha yake. Nilimwamkia, nikamshukuru, kisha usiku ule usingizi ukanipaa.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja na viza ya mwanafunzi. Nimekulia mahali ambapo mwalimu wa fizikia ni mweusi, daktari wa wilaya ni mweusi, na anayeongoza darasani ni mweusi. Sikuwahi kuambiwa kwamba sayansi si ya watu wa rangi yangu. Programu za kuwaingiza jamii za wachache katika sayansi zilianzishwa kwa ajili ya watu waliofungiwa mlango ndani ya nchi yao wenyewe. Edward Bouchet alipata uzamivu wa fizikia pale Yale mwaka 1876, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika ngazi hiyo nchini mwao, halafu akaishia kufundisha shule ya vijana weusi Philadelphia kwa miaka 26, kwa sababu vyuo vikuu vya wazungu havikuwa na nafasi kwa mtu kama yeye. Deni ni la watu hao. Ukinibandika mimi pale, umemlipa mtu asiyekudai.

Takwimu za taifa angalau hututenganisha: zinapogawa wahitimu wa uzamivu kwa rangi, huhesabu raia na wakazi wa kudumu, sisi wa viza tunawekwa pembeni. Vipeperushi havitenganishi.

Sasa nimzungumzie niliyemkumbuka usiku ule. Katika kundi letu la mwaka wa kwanza alikuwamo Mmarekani mweusi mmoja tu, dada kutoka Georgia, aliyesoma chuo kidogo cha watu weusi. Mkono wake maabara ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote. Kilichomwangusha ni kemia ya kwanta, yaani hesabu za mienendo ya elektroni, somo ambalo chuoni kwake hawakulichimba kwa kina tulichokikuta sisi. Akapata C. Hakuna aliyekaa naye chini kumwonyesha pengo liko wapi. Msimamizi wake akaanza kumpita kwenye korido bila salamu. Mwaka wa tatu akaondoka na uzamili tu, bila uzamivu. Ripoti ya idara ikaandika kwamba idadi ya wanafunzi weusi haikupungua, kwa kuwa muhula huohuo aliingia Mghana. Nimeisoma sentensi ile kwa macho yangu. Binadamu mzima alifutwa na hesabu ikabaki sawa.

Tathmini ya namna hiyo ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zangu zote, na siikatai kwa sababu haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Imefanyika. Chuo Kikuu cha Maryland cha Kaunti ya Baltimore (UMBC) kilianzisha mwaka 1988 programu ya Meyerhoff, ya kuwasaidia vijana weusi wanaosoma sayansi, na mwaka uliofuata wakaingia vijana weusi 19, wote wa kiume, wasichana wakafuata. Watathmini wake, akiwamo Kenneth Maton, hawakuishia kuhesabu vichwa mlangoni. Waliwafuatilia pia vijana waliopewa nafasi ileile wakaikataa, wakaenda kusoma kwingine. Huo ndio ulinganisho wenye maana, kwa sababu makundi yote mawili yalikuwa na alama nzuri, yote yalichaguliwa, tofauti ni programu. Waliokubali walikuwa na uwezekano wa takriban mara 5 zaidi wa kuendelea hadi uzamivu wa sayansi. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliofanya kazi ya chanjo ya Moderna ya UVIKO-19, alipita humo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba aliyekataa huenda hakuwa na kiu ileile ya utafiti. Ni hoja halali. Lakini mwaka 2013 vyuo vikuu vya Penn State na North Carolina (UNC) cha Chapel Hill walianzisha programu kwa mfano huohuo, kwenye mazingira tofauti kabisa, na matokeo ya miaka ya mwanzo ya alama na ya kubaki kwenye sayansi yakafanana na ya UMBC. Na ukitazama kinachofanyika ndani, huoni muujiza. Wanasoma kwa vikundi. Wanaingia maabara mapema. Kabla ya mwaka wa kwanza kuanza wanapitishwa kwenye masomo ya majira ya joto. Ukipata C katika somo la msingi unaambiwa ulirudie, na kuna mtu wa kukaa nawe. Hilo la mwisho kila nikilifikiria linaniuma.

Vyuo vya Fisk na Vanderbilt walijenga daraja lao mwaka 2004: unasoma uzamili kwanza, unaziba mapengo, unamzoea msimamizi, ndipo unavuka kwenda uzamivu. Dada yule angevuka. Nina hakika hiyo.

Mtaniambia ushahidi haukumwokoa mtu, kwamba mwaka 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazofadhili utafiti, zilisitisha programu kadhaa za mafunzo za aina hii bila kujali nani alikuwa na takwimu nzuri. Ni kweli, na imenivunja moyo. Lakini mimi sidai tathmini ya haki ili kumridhisha anayekata fedha. Naidai kwa ajili ya mwanafunzi aliyepo maabara leo, ambaye bado kuna muda wa kukaa naye.

Jana nimewaandikia wale wa kipeperushi. Nimewaomba waiondoe picha yangu, na mahali pake waweke safu tatu za Wamarekani weusi wa idara ile tangu mwaka nilioingia: walioanza, waliomaliza, na walioondoka, kila mmoja na sababu yake kama alivyoieleza mwenyewe. Dada wa Georgia nimempigia kabla ya kutuma. Anafundisha kemia sekondari. Amesema yuko tayari kuulizwa, ila hadi leo hakuna aliyewahi kumuuliza.