Nipeni hedi tatu, mishale bakini nayo

Anayetafuta deki ya kaseti ya zamani siku hizi hununua kwa macho. Anataka mishale ya kupima sauti inayorukaruka nyuma ya kioo, uso wa aluminiamu na vitufe vya kushiba mkono. Simlaumu, deki za miaka ya 1970 zilipendeza kweli. Ila mishale haisomi kanda. Kinachosoma ni hedi, kile kipande kidogo cha sumaku ambacho utepe unapita mbele yake, na hapo ndipo pesa iende.

Kaseti, tangu Philips walipoitoa mwaka 1963, ni mambo ya kubanana. Utepe wenyewe haufiki milimita 4 kwa upana, unapita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na kwenye stereo umebeba njia nne za sauti, mbili kila upande. Deki nyingi zina hedi mbili: moja inafuta, nyingine inarekodi na kusoma. Hiyo ya pili ina mabwana wawili. Kurekodi kunapenda ufa mpana kidogo kwenye hedi, kusoma kunataka ufa mwembamba mno, la sivyo sauti nyembamba za juu zinapotea. Mwaka 1973 Nakamichi wa Japani walimaliza ugomvi huo kwa deki yao iitwayo 1000: hedi tatu, kila moja na kazi yake.

Raha yake utaijua ukirekodi. Unabonyeza kitufe cha monita, unasikia kilichokwisha kuingia kwenye utepe. Unabonyeza tena, unasikia chanzo. Tari ikififia unajua papo hapo, si baada ya upande mzima kwisha.

Kitu nisichokipenda hata kidogo ni deki inayojigeuza yenyewe upande. Kwenye nyingi za aina hiyo hedi ndiyo inayozunguka, na ikizunguka miaka kumi hairudi tena pale pale. Ikiinama kidogo tu, sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Mwenye kanda za taarabu zilizonakiliwa moja moja katika maduka ya Mombasa anaijua hali hii: hedi ya deki iliyonakili ilikuwa na mlalo wake, yaani ilivyoinama mbele ya utepe, ya kwako ina wake. Dawa ni bisibisi ndogo kwenye skrubu iliyo kando ya hedi, unageuza polepole mpaka zumari na fidla zifunguke.

Dolby B, mfumo wa kupunguza mchakacho wa kanda, ni nzuri, lakini kabla hujailaumu kwa kufifisha sauti, tazama kwanza huo mlalo. Inaposoma, Dolby hupunguza sauti za juu zilizo dhaifu ili kuua mchakacho. Hedi iliyopinda inazileta zikiwa dhaifu tayari, nayo Dolby inazikandamiza zaidi. Kanda zetu nyingi, hata hivyo, zilichezwa kwenye redio kaseti zisizo na Dolby kabisa, na watu walicheza hadi asubuhi.

Najua mtaniuliza kuhusu Nakamichi Dragon ya mwaka 1982, inayojigeuza na bado inajirekebisha mlalo. Inagawanya njia ya sauti ya kulia mara mbili, inalinganisha nusu hizo, kisha mota ndogo inaisogeza hedi mpaka zikubaliane. Akili ya ajabu. Lakini ikiharibika, fundi wa mtaani ataifungua, ataitazama, ataifunga. Mimi nitachukua deki ya hedi tatu isiyojigeuza, belti zake nitabadilisha mwenyewe, na chenji nitanunulia kanda.