Wanga wa Sahani Si Wanga wa Usiku

Juzi pale Kirumba, Mwanza, nilimsikia dada mmoja akimwambia mwenzake, "Shoga, mimi wanga nimeacha kabisa." Mkononi kashika soda ya baridi. Neno lenyewe lina balaa, maana wanga ni wale wa usiku pia, ila naona siku hizi huu wa sahani ndio unaoogopwa zaidi.

Kuacha ugali ni hiari yake. Kinachonikera ni kutia kila kitu kapu moja. Chukua viazi vitamu. Ukivikata vibichi ukavianika, unapata michembe. Ukivichemsha kwanza, ndipo ukate na kuanika, unapata matobolwa. Kiazi kile kile, jua lile lile, lakini matobolwa yana utamu wake, na hakuna aliyetia sukari. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya, mkasi mdogo wa kukata chakula. Joto linapopanda chunguni wanga unalainika, nacho kinaukatakata kuwa maltosi, yaani sukari ndogo iitwayo glukosi, mbili mbili zilizoshikana. Bibi zetu walilijua hilo kwa ulimi.

Wanga ni glukosi, mamia kwa maelfu, zimetungwa kama shanga. Tafuna tonge la ugali taratibu bila kumeza, utasikia utamu unakuja: mate yameanza kukata uzi. Kwenye soda hakuna uzi wa maana wa kukata. Sukari ya mezani ni shanga mbili tu, glukosi na fruktosi, zinaachana upesi na kuingia damuni. Na damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina glukosi ya gramu 5 hivi, kijiko cha chai. Chupa moja ya soda hupita gramu 30 za sukari. Hapo insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, inahangaika kuiingiza glukosi kwenye misuli na ini, itungwe upya kuwa akiba iitwayo glaikojeni; ile ya ini ndiyo inayolisha ubongo ukiwa umelala.

Sitetei mlima wa sembe na kipande kimoja cha sato, na mwenye kisukari lazima apime hata ugali.

Lakini magugu maji ndiyo hunichekesha. Yale yanayoziba mialo yetu yamejaa selulosi, nayo ni glukosi tupu! Kiungo cha shanga kimegeuzwa upande tu, na sisi hatuna kimeng'enya cha kukikata. Ng'ombe anasaidiwa na vijidudu vya tumboni mwake. Mvuvi anaweza kushinda na njaa mtumbwini, amezungukwa na sukari.

Yule dada, kama damu yake ni kundi A na shoga yake ni O, kinachowatenganisha hapo ni sukari moja ya ziada, imening'inia juu ya chembe nyekundu za damu yake. Hiyo sijui ataiachaje.