Pwani ya Sonoma ni ya umma, tuache kuambiana vingine

Wiki iliyopita kwenye kundi letu la Waafrika Mashariki wa hapa Bay Area, California, ulitumwa mpango wa safari ya Septemba: wikiendi kwenye mashamba ya mizabibu karibu na pwani ya Sonoma, kulala kwenye mahema yenye vitanda na mashuka meupe, kifungua kinywa kikiletwa mlangoni kwa kikapu. Hema moja lilizidi dola 300 kwa usiku. Bado kodi, bado ada ya usafi, bado ada ya kuonja mvinyo. Dada mmoja mwenye watoto watatu akaandika, "Mimi na wanangu tutabaki, nyie nendeni salama." Wengine wakafuata mmoja mmoja. Hadi jioni mpango ulikuwa umebaki na wale wale ambao kila mwaka wanaweza.

Kilichoniuma si bei. Mwenye biashara ana haki ya kupanga bei yake. Kilichoniuma ni kwamba watu wazima zaidi ya mia tumo kwenye lile kundi, na hakuna aliyemwambia yule dada kuwa pwani hiyo hiyo ina viwanja vya umma vya kupigia mahema: Bodega Dunes, Wright's Beach, Doran, Stillwater Cove, Salt Point. Pale Wright's Beach ukitoka hemani hatua chache tu uko mchangani. Mara ya mwisho nilipolipia nafasi kwenye hifadhi ya jimbo, bei haikufika dola 50 kwa usiku, na nafasi moja inaruhusiwa watu hadi 8. Yeye na watoto wake, na familia nyingine juu yake, wangelala kwa bei ya mlo mmoja wa mjini.

Viwanja hivyo havikutokea vyenyewe. Mwaka 1958 kampuni ya umeme ilitangaza kujenga mtambo wa nyuklia pale Bodega Head, kwenye rasi ile ambayo leo watu wanakwenda kutazama nyangumi. Shimo likachimbwa. Wavuvi, wafugaji, walimu na wanasayansi wakapinga miaka kadhaa, na ilipoonekana wazi kuwa ufa wa tetemeko wa San Andreas unapita hapo hapo, mwaka 1964 kampuni ikaachana na mradi. Shimo bado lipo, limejaa maji, bata wanaogelea ndani yake. Nimewapeleka wanangu wakalione, na ningependa kila mzazi awapeleke wake.

Kisha ikaja Sea Ranch, kaskazini zaidi. Katika miaka ya 1960 mtaa wa nyumba za mapumziko ulipangwa kwenye takriban kilomita 16 za pwani, na mwananchi wa kawaida akajikuta anaiona bahari kwa mbali kutoka barabarani. Hasira za watu hazikuishia kwenye manung'uniko. Zilichangia kuzaa kura ya maoni ya mwaka 1972, iliyounda tume ya kulinda pwani ya California, na baadaye Sheria ya Pwani ya 1976. Sheria hiyo imeandika kabisa kwamba huduma za bei nafuu kwa wageni wa pwani zilindwe na zihimizwe. Mchanga wenye unyevu, ule unaofikiwa na maji yakijaa, ni wa umma katika jimbo zima, hata mbele ya jumba la tajiri. Leo hata Sea Ranch kuna njia za miguu za umma zinazoshuka hadi ufukweni.

Kwa hiyo mtu anapowaonyesha wageni pwani hii kana kwamba mlango wake ni mmoja tu, ule wa mahema ya kifahari, anawapunguzia haki iliyopiganiwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na pesa wala majina. Hatukupigana sisi, tumekuta tayari. Lakini tunalipa kodi hapa, watoto wetu wanazaliwa hapa, na pwani hii ni yao sawasawa na mtoto mwingine yeyote wa California. Sitaki wakue wakidhani kulala kando ya bahari ni jambo la wenye nacho.

Nakubali, mahema ya vitanda yana watu wake. Mama yangu mzazi magoti hayamruhusu kuinuka kutoka chini, na akija kututembelea nitamlipia kitanda bila kusita. Akina mama wanaonyonyesha nao nawaelewa. Hoja yangu ni kwamba hilo liwe chaguo la pili, lisitangazwe kama ndiyo njia pekee.

Ugumu wa viwanja vya umma uko kwenye kupata nafasi. Za hifadhi za jimbo zinafunguliwa miezi 6 kabla, saa mbili kamili asubuhi kwa saa za hapa, kwenye tovuti ya ReserveCalifornia, na za wikiendi ya kiangazi zinaisha ndani ya dakika chache. Doran na Stillwater Cove ni za kaunti, zina mfumo wao. Ukikosa, angalia tena na tena, watu hughairi. Na ukipata ukaona huendi, tafadhali ghairi mapema. Nafasi tupu Jumamosi usiku inaumiza sana ukijua kuna familia iliyokosa.

Msiende Julai mkitegemea joto. Maji ya pale ni baridi mwaka mzima, na kiangazi ukungu unalala ufukweni hadi mchana. Kuna siku hazifiki nyuzi 18. Usiku pale Bodega Dunes utasikia honi ya ukungu kutoka bandarini, na alfajiri turubai litakuwa linadondosha maji kama limenyeshewa. Ukungu huo ndio unaoifanya zabibu ya Pinot Noir iive polepole. Mashamba ya Fort Ross-Seaview, eneo lililoanza kutambuliwa rasmi kwa jina hilo mwaka 2012, yako juu ya milima, mengi zaidi ya mita 280, kwa hiyo yanaota jua huku chini kukiwa kijivu. Septemba na mwanzo wa Oktoba ndiyo hali nzuri kwa pande zote mbili. Ni msimu wa moto pia: Oktoba 2019 amri ya kuhama ilifika hadi Bodega Bay. Fuatilieni taarifa kabla ya kuwasha gari.

Kuhusu bahari yenyewe nitasema kwa msisitizo, hasa kwa sisi tuliokulia Tanga, Mombasa, Unguja. Bahari tuliyoizoea ina mwamba unaovunja mawimbi huko mbali, mtoto anacheza kwenye maji ya vuguvugu hadi magharibi. Hii haina huruma hiyo. Pale ufukwe wa Goat Rock wimbi kubwa linakuja ghafla baada ya dakika nyingi za utulivu, linamzoa mtu aliyesimama pakavu, na wamekufa watu. Usiipe bahari kisogo, na mtoto mdogo asiachiwe mkono.

Wengi wetu hatunywi, na hilo lisimzuie mtu. Mashamba yanapendeza kwa macho, na Fort Ross penyewe, ngome ya Warusi ya mwaka 1812 iliyojengwa kwenye ardhi ya Wakashaya, wenyeji wa asili wa pale, mahali wanapopaita Metini, panatosha kwa siku nzima. Anayekunywa asishike usukani. Barabara ya kutoka Jenner kwenda kaskazini ina kona kali juu ya maporomoko, na sehemu nyingi hazina vizuizi vya pembeni.

Nendeni pia mkijua nani anazichuma zabibu zile. Wakati wa mavuno kazi huanza usiku, tunda likiwa bado la baridi. Nimewahi kupita kabla ya alfajiri nikawaona: tochi vipajini, visu vidogo vilivyopinda mkononi, kila anayejaza kreti yake analibeba begani na kukimbia nalo hadi kwenye trela, anamwaga, anarudi mstarini akikimbia. Wengi wametoka Mexico, na wengi wanaacha watoto wamelala nyumbani. Siku nyingine ufuo ule ule unapaswa kuwa wa kwao na watoto wao, kwa bei wanayoimudu.

Kwa yule dada na wengine waliojitoa: Septemba ya mwaka huu imeshajaa, lakini Novemba katikati ya wiki nafasi bado zipo. Mahema mawili ninayo, jiko la gesi ninalo, mablanketi tutachangishana. Wanaotaka Septemba ijayo wajiandae mwezi Machi, saa mbili kasoro asubuhi, kadi mkononi. Nitawakumbusha kundini siku moja kabla.