Tunahesabu Mikopo Iliyotolewa, Hatuulizi Rejesho la Kwanza Linaanza Lini

Kiongozi anaposimama jukwaani kueleza yaliyofanywa kwa ajili ya wajasiriamali wadogo, takwimu zinazotangulia huwa mbili: kiasi cha fedha kilichokopeshwa na idadi ya watu waliokopeshwa. Taasisi za mikopo midogo huandika hivyo hivyo katika taarifa zao na kuongeza ya tatu, kwamba wakopaji karibu wote wamerejesha. Takwimu hizo tatu, hata zikiwa sahihi kabisa, hazitwambii iwapo mkopo uliipa biashara nafasi ya kukua. Utafiti uliofanywa katika nchi zinazoendelea kwa muda wa miaka ishirini hivi umelichunguza swali hilo kwa makini, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya jibu imo katika jambo ambalo watunga sera wetu hulipita haraka, nalo ni ratiba ya marejesho.

Mfumo wa mikopo ya vikundi tuliouzoea Afrika Mashariki una asili yake Bangladesh, ambako Muhammad Yunus alianza kuwakopesha wanakijiji wa Jobra katika miaka ya 1970, na mwaka 1983 kazi hiyo ikawa Benki ya Grameen. Wanawake waliwekwa katika vikundi vidogo, hawakudaiwa hati ya nyumba wala shamba, na walirejesha kidogo kidogo kila wiki mbele ya wenzao. Yunus na benki yake walipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006, na kufikia wakati huo mfumo ulikwishaenea katika mabara matatu. Uliaminika kwa sababu fedha zilirudi. Kidogo sana kilikuwa kimepimwa kuhusu hali ya biashara baada ya fedha kurudi.

Vipimo vya kuaminika vilikuja baadaye. Januari 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Morocco. Zote zilitumia njia ya bahati nasibu: maeneo au watu kadhaa walichaguliwa kupata huduma ya mikopo mapema, wengine wakabaki bila huduma hiyo kwa muda, kisha makundi mawili yakalinganishwa. Mjini Hyderabad, India, kwa mfano, mitaa 104 iligawanywa nusu kwa nusu, na kampuni ya mikopo midogo ya Spandana ikafungua huduma katika mitaa 52. Matokeo ya nchi zote sita yalikaribiana kwa namna ya kushangaza. Mikopo haikuwadhuru watu kwa wastani, iliwapa uhuru zaidi wa kupanga matumizi yao, na iliwasaidia baadhi ya wenye biashara kuzipanua; lakini hakuna palipoonekana ongezeko kubwa la kipato cha kaya la kuweza kuitwa ukombozi kutoka katika umaskini. Mtafiti Rachael Meager alipoziunganisha takwimu hizo na za utafiti wa saba, uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba faida ndogo iliyokuwepo ilielekea zaidi kwa waliokuwa na biashara kabla ya kukopa.

Baada ya hapo mjadala ulikwama. Waliochoshwa na sifa za mikopo midogo walisema imeshindwa, na wanaoitoa walisema wastani huficha mengi. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia mkopo kama kwamba ni kitu kimoja, wakati ambapo shilingi 500,000 zinazorejeshwa kuanzia wiki ijayo na shilingi 500,000 zinazorejeshwa kuanzia miezi miwili ijayo hufungua biashara tofauti kabisa.

Tuchukue hesabu ya kawaida, ya aina inayofanyika katika mitaa mingi ya miji yetu. Mama lishe anakopa 500,000 kwa miezi mitatu, anaambiwa riba ni 20%, hivyo atarejesha jumla ya 600,000 kwa wiki 12, kila wiki 50,000. Akigawanya 20% kwa miezi mitatu anaona riba haifiki 7% kwa mwezi. Lakini laki tano hizo hakai nazo kwa miezi mitatu. Ifikapo wiki ya sita amekwisha kurudisha 300,000, na riba inaendelea kuhesabiwa kana kwamba mkopo wote bado uko kwenye masufuria yake. Ukipiga hesabu kwa deni lililobaki kila wiki, riba ya kweli inazidi 12% kwa mwezi. Mkopo wa Hyderabad nao ulikuwa na tofauti ya namna hiyo: riba ya 12% kwa mwaka iliyohesabiwa juu ya mkopo wote ilikuwa sawa na 24% ikihesabiwa juu ya salio.

Jambo zito zaidi kuliko riba, hata hivyo, ni kile ambacho ratiba hiyo inakataza. Kuku wa nyama huuzwa wakiwa na wiki tano au sita. Kuku wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na kabla ya hapo hula tu. Mwanamke anayetakiwa kutoa 50,000 wiki ya kwanza hawezi kuanza na kuku wa mayai kwa fedha hizo, wala hawezi kununua cherehani na kusubiri wateja wamzoee. Kinachowezekana ni bidhaa inayozunguka ndani ya siku chache, kama vile vitumbua, mchele wa kupima, mitumba, nyanya za mafungu. Ndiyo maana katika mtaa mmoja utakuta akina mama kumi waliokopa mahali pamoja wakiuza kitu kile kile, bei zikishuka kwa sababu yao wenyewe, na watu wakisema hawana ubunifu. Ubunifu wanao. Ratiba ndiyo iliyowachagulia biashara.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha marejesho anajua mambo yanavyokwenda. Mweka hazina anaita majina, kila mmoja anatoa fedha yake, na afisa mikopo anaandika. Jina la mama mmoja linaitwa, naye hajafika, au amefika akiwa na 30,000. Kikao hakifungwi. Wenzake wanaanza kuchangishana ili kuziba pengo, na wengine wanachomoa fedha iliyokuwa ya kununulia unga wa kesho asubuhi. Kwenye daftari la taasisi kikundi hicho kitaonekana kimerejesha 100%, na hakuna safu inayoonyesha kwamba mtaji wa watu watatu umekata siku hiyo, wala kwamba aliyepungukiwa atakwenda kukopa kwingine ili awalipe wenzake. Kwa hiyo, ninapoona kiwango cha juu cha urejeshaji kikitajwa kama ushahidi kwamba mikopo inainua maisha, huwa najiuliza fedha hizo zilitoka wapi.

Utafiti ulioligusa jambo hili kwa usahihi zaidi ulifanywa mjini Kolkata, India, na Erica Field, Rohini Pande, John Papp na Natalia Rigol, ukachapishwa mwaka 2013. Wakopaji wote walipata mkopo wa taasisi moja kwa riba ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu: baadhi walianza kurejesha baada ya wiki mbili, wengine baada ya miezi miwili. Waliopewa miezi miwili waliwekeza zaidi katika biashara, hasa kwenye mali na bidhaa za kuongeza mtaji, na takriban miaka mitatu baadaye faida ya biashara zao kwa wiki ilikuwa juu kwa kiasi cha 41% kuliko ya wenzao. Muda wa kupumua wa wiki chache mwanzoni ulileta tofauti ambayo tafiti nyingi kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwa mikopo hazikuiona.

Utafiti huo huo ulionyesha upande wa pili, na si haki kuuficha. Walioanza kurejesha kwa kuchelewa walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kushindwa kumaliza deni. Waliothubutu kuwekeza katika mambo yanayochukua muda, baadhi walifanikiwa sana na baadhi walianguka. Taasisi ya mikopo haigawani faida na aliyefanikiwa, bali hubeba hasara ya aliyeanguka, na hapo ndipo tunapoelewa kwa nini marejesho ya kila wiki yamedumu. Yanamlinda mkopeshaji. Sina ugomvi na mkopeshaji kujilinda, maana fedha zisiporudi hakuna wa kukopeshwa kesho. Ninachopinga ni kuuita ulinzi wa mkopeshaji sera ya maendeleo ya mkopaji.

Na haikuishia hapo, kwa kuwa watafiti wengine walitafuta njia ya kati. Nchini Bangladesh, shirika la BRAC liliwapa baadhi ya wateja wake wenye rekodi nzuri ruhusa ya kuahirisha hadi marejesho mawili katika kipindi cha mkopo, kwa wakati watakaouchagua wenyewe. Marianna Battaglia, Selim Gulesci na Andreas Madestam waliofuatilia mpango huo waligundua kwamba biashara za wakopaji hao ziliimarika, na kushindwa kulipa kulipungua badala ya kuongezeka. Kwa mtu aliyeona kikao cha marejesho, sababu haihitaji maelezo marefu: mwenye ruhusa ya kuruka rejesho moja mtoto anapougua halazimiki kuuza sufuria wala kukopa kwa jirani.

Kwa upande wa wakulima, magharibi mwa Kenya kuna ushahidi ambao kila afisa ugani angefaa kuujua. Mkulima wa mahindi huvuna wakati ambapo kila mtu amevuna na bei iko chini kabisa, na kwa kuwa karo na madeni vinamsubiri, huuza. Miezi michache baadaye hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu ili ale. Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel, wakishirikiana na shirika la One Acre Fund, waliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno ili waweze kuhifadhi. Wakulima waliuza kwa kuchelewa, wakapata faida ya 29% juu ya fedha zilizowekezwa, na palipokuwa na wakopaji wengi bei za soko la karibu nazo zilipungua kupanda na kushuka, hata wasiokopa wakanufaika. Mfumo wetu wa stakabadhi ghalani hapa Tanzania, ambao una sheria yake tangu mwaka 2005, umejengwa juu ya wazo linalokaribiana na hilo, ingawa mara nyingi tunaujadili kama suala la masoko na kusahau kwamba ni suala la muda wa fedha kufika.

Uganda nako, mtafiti Emma Riley aliwafuatilia wanawake waliokopa BRAC, baadhi wakipewa fedha taslimu kama kawaida na wengine wakiwekewa kwenye akaunti ya simu iliyofunguliwa mahsusi kwa biashara. Miezi minane baadaye kundi la pili lilikuwa na faida kubwa zaidi kwa 15% na mtaji mkubwa zaidi kwa 11%. Kiasi cha mkopo hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba fedha hazikufika nyumbani zikiwa mkononi, ambako kila mwenye shida huziona kabla hazijafika dukani.

Nikiyaweka haya pamoja, nayatazama mazungumzo yetu ya Tanzania kuhusu mikopo ya kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa mno, kwa wasiwasi. Hasira dhidi ya mikopo hiyo ni ya haki kabisa. Watu wamebebewa vyombo vya ndani, na wengine wamekimbia makazi yao. Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha 3.5% kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana, na hatua hiyo naiunga mkono. Lakini kikomo cha riba peke yake hakimgusi mkopeshaji anayetaja asilimia ndogo juu ya mkopo wote huku akikusanya kila siku, wala hakimpi mkopaji siku moja zaidi kabla ya rejesho la kwanza. Ningependa kuona kila mkataba ukitaja kwa Kiswahili cha wazi riba iliyohesabiwa juu ya salio, tarehe ya rejesho la kwanza, na utaratibu utakaofuatwa mkopaji akikwama wiki moja. Mambo hayo matatu yanatosha karatasi moja, na mtu mwenye elimu ya darasa la saba anaweza kuyasoma na kulinganisha wakopeshaji wawili.

Mahali pazuri zaidi pa kuanzia ni mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge 10% ya mapato yao ya ndani, 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana na 2% kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mjadala wakati wote huo ulihusu vikundi hewa na fedha zisizorudi, na ilikuwa lazima uwe hivyo, maana ni fedha za umma. Hata hivyo, kwa kuwa halmashauri haitafuti faida, ndiyo yenye uwezo wa kubeba gharama ya kusubiri ambayo taasisi binafsi haiwezi kuibeba. Kikundi cha wafuga kuku wa mayai kingeweza kupewa ratiba inayoanza kuku wanapoanza kutaga, na kikundi cha wakulima ratiba inayoanza baada ya mavuno, huku kikundi cha wauza chakula kikiendelea na marejesho ya mara kwa mara ambayo pengine ndiyo yanayokifaa. Maafisa maendeleo ya jamii wanazo tayari kumbukumbu za vikundi, aina za biashara na tarehe za marejesho. Vyuo vyetu, Mzumbe, Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, vina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada kila mwaka. Halmashauri chache zikikubali kugawa ratiba mbili kwa kura miongoni mwa vikundi vinavyofanana, na kuwaruhusu wanafunzi hao wavifuatilie kwa miaka mitatu, tutakuwa na majibu yanayotokana na vikundi vyetu wenyewe, na gharama yake itakuwa ndogo kuliko semina tunazoziandaa kuwafundisha wakopaji nidhamu ya kurejesha.