Michezo ya Kireno ilikufa zamu ya Afrika ilipofika

Kuna mtangazaji mmoja wa michezo, jina lake niliache, kasema hewani kwamba Michezo ya Madola ni mabaki ya ukoloni na ifie mbali, kama ilivyofia mbali ile ya nchi zinazozungumza Kireno, ambayo hata matanga haikuwekewa. Studio nzima ikacheka. Haya. Mimi nayaweka matanga leo, tena ya kelele.

Ilifanyika mara tatu tu. Macau, iliyokuwa ya Wareno kule China, 2006. Lisbon 2009. Goa, iliyokuwa ya Wareno kule India, 2014, baada ya kuahirishwa kutoka mwaka uliotangulia. Halafu ikawa zamu ya Msumbiji, 2017, na hapo ndipo simulizi inapokatika. Haikufanyika wakati huo, na wala haijafufuliwa.

Hebu isomeni tena orodha hiyo, kisha muitazame ya wanachama. Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cape Verde, São Tomé, Guinea ya Ikweta: wanachama wengi ni Waafrika. Michezo ikaanzia China, ikaenda Ulaya, ikaenda India, na ilipowadia zamu ya bara lenye watu wenyewe, ikazimika. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi Machi, Durban ikanyang'anywa Madola ya 2022, na Birmingham ikaipokea kwa mikono miwili. Madola, iliyoanza 1930, haijawahi kukanyaga Afrika hata mara moja. Sasa 2030 inakwenda Ahmedabad, India, na Abuja iliyoiomba imeambiwa isubiri. Yaani tunaalikwa kila harusi, ila harusi haiji kwetu.

Mtaniambia Afrika haina uwezo. Mwaka huohuo wa 2017, narudia, Abidjan iliandaa michezo ya wanaozungumza Kifaransa, ikaisha salama. Iliyofuata ilikuwa ya Canada. Jimbo la New Brunswick likapiga hesabu za gharama, likajitoa. Nani akaibeba? Kinshasa, 2023. Kwa kuchelewa, kwa lawama, kwa majengo yaliyomalizwa dakika za mwisho, lakini watu walikimbia na medali zikavaliwa.

Na Maputo yenyewe si mgeni wa mambo haya. Lusaka ilipoitema Michezo ya Afrika ya 2011, Maputo ndiyo iliyoiokota. Uwanja wa Zimpeto, watu 42,000, ukafunguliwa mwaka huo. Uwanja ulikuwepo! Nakubali, shingo upande, kwamba Msumbiji ya 2016 ilikuwa imeshikwa pabaya: ile mikopo ambayo serikali iliidhamini kwa siri, ukijumlisha na ile ya meli za kuvua jodari, ilikaribia dola bilioni 2, na IMF ikafunga mfuko. Serikali ya namna hiyo huwezi kuiambia ijenge kijiji cha wanamichezo. Lakini Ureno ilikuwa wapi? Brazil, iliyotoka kuandaa Olimpiki nzima Rio, ilikuwa wapi? Udugu wa lugha unaimbwa sana kwenye mikutano ya marais. Ikifika kwenye nauli, kila mtu anaangalia saa yake.

Mimi kinachoniuma ni riadha. Mpira wa miguu hauhitaji huruma yangu. Voliboli ya ufukweni itajijua yenyewe. Riadha ndiyo iliyofiwa.

Fikiria mkimbiaji wa mita 100 kutoka Bissau, au Dili ya Timor ya Mashariki. Kwao hakuna mashindano ya maana. Labda wako watatu wanaokaribiana muda, na mmoja ana jeraha. Nchi isiyo na aliyefuzu hupewa nafasi ya upendeleo ya Olimpiki, basi anapelekwa. Anabeba bendera, anapiga picha, kisha asubuhi moja anaingizwa kwenye ule mchujo wa awali ambao mabingwa hata hawaugusi. Sekunde kumi na moja na ushee, kwaheri. Miaka minne ya mazoezi imekwisha kabla watu hawajamaliza chai. Hakukimbia fainali. Hajui hata fainali inafananaje: raundi ya kwanza unabana nguvu, ya pili unafungua kidogo, usiku hulali, na kesho yake unasimama kwenye leni ukijua wote saba pembeni yako wanapigika, na wewe unapigika.

Nilikimbia mita 400 enzi za UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, kwenye uwanja wa nyasi uliopigwa mistari ya chokaa, na nawaambia ukweli: kona ya pili hufundishwi na kocha. Unafundishwa na mtu unayesikia pumzi zake begani. Ukikimbia peke yako utakuwa na mwendo mzuri sana wa peke yako.

Ile michezo iliwapa hao watu mabega ya kubanana nayo. Njia ya tartani ya kweli, saa ya umeme, marefa wenye leseni, muda unaoandikwa mahali. Na muda kuandikwa mahali si jambo dogo siku hizi. Tangu Tokyo, kufuzu Olimpiki kunapitia pia viwango vya dunia, na pointi zake zinahesabu muda wako pamoja na nafasi uliyomaliza na ukubwa wa mashindano yenyewe. Asiye na mashindano hana pointi. Asiye na pointi anabaki kuombewa upendeleo, halafu tunamcheka kwamba kaja kutalii.

Mnataka ushahidi wa ukame huu? Bendera za Afrika za Kireno zina medali mbili tu za Olimpiki katika riadha, na zote mbili ni za mtu mmoja: Maria Mutola, mita 800, shaba ya Atlanta 1996 na dhahabu ya Sydney 2000. Msichana wa Maputo aliyekuwa akicheza mpira na wavulana mpaka mshairi José Craveirinha akamsukuma kwenye riadha. Akaenda Olimpiki ya Seoul akiwa na miaka 15. Na alipataje kuwa Mutola? Kwa kuondoka: mwaka 1991 alipewa ufadhili akaenda Oregon, Marekani, kwenye mashindano. Na kwa taarifa ya mtangazaji wetu, Mutola alitwaa dhahabu ya Madola mara mbili, Kuala Lumpur 1998 na Manchester 2002. Mabaki ya ukoloni wa Mwingereza yakamvika medali Mmsumbiji. Filbert Bayi naye alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 wapi? Christchurch, Februari 1974, 3:32.16, kwenye hayohayo mabaki. Hiyo tunaikumbuka kwa machozi ya furaha, sivyo?

Wengine waliondoka moja kwa moja. Naide Gomes aliikimbilia São Tomé huko Sydney, mbio za kuruka viunzi. Baadaye akawa bingwa wa dunia wa riadha ya ndani ya ukumbi kwa jezi ya Ureno, na kwenye kuruka chini akafikia mita 7.12. Nelson Évora, aliyezaliwa Abidjan, aliiwakilisha Cape Verde kabla ya kubadili uraia. Dhahabu ya miruko mitatu ya Beijing 2008 ikapigiwa wimbo wa Ureno. Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa na miguu ile, ningeondoka jana.

Ndiyo, kiwango kilikuwa cha chini. Ndiyo, wakubwa hawakuleta majogoo wao wote. Na ndiyo, ualikaji ulikuwa wa kuchekesha: Sri Lanka ilikuwemo, wakati Wareno walitimuliwa kule mwaka 1658. Kwa kipimo hicho Mombasa ilistahili timu yake, maana sisi Fort Jesus waliing'ang'ania mpaka 1698. Ningeifunga safari kushangilia.

Lakini kiwango cha chini ndiyo maana yake! Mashindano ambayo Timor ya Mashariki inaweza kuota fainali hayapungukiwi kitu. Kilichoyaua ni unene: michezo chungu nzima, sherehe za ufunguzi, vijiji, viongozi na wake zao. Punguzeni. Fanyeni riadha peke yake, siku tatu, Maputo leo, Luanda ya Angola au Praia ya Cape Verde kesho, wachezaji walale kwenye mabweni ya chuo. Nauli alipe Ureno. Akiuliza kwa nini, mtajieni Évora, mtajieni Naide, na mwongezeeni Patrícia Mamona, mtoto wa Waangola, aliyempa medali ya fedha ya miruko mitatu Tokyo kwa mita 15.01. Brazil nayo ikitaka kuleta timu ya pili, karibu sana. Wapangwe leni ya nane.